Chupa za Kukesha

Nong Yai, Roi Et, Thailand
9 Julai

Mdogo wangu Poon,

Salamu hizi zikukute umeshakula, maana nakujua, ukisoma barua na njaa unaruka mistari. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua kila akipanda ngazi ya nyumba, ila mdomo wake haumuumi hata kidogo. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa wiki moja. Mpunga tumeshaupandikiza, mimi na Mama na majirani wa ng'ambo, na mpaka leo nikisimama natembea kama bata. Duka lipo palepale, mimi nipo palepale ndani yake.

Msalimie rafiki yako Sawai. Mwambie barua yako iliyopita ilifika bila ule mstari wake wa mwisho. Nimezoea kuona mwandiko wake mbaya pale chini akiniita shemeji bila ruhusa ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Prayun, mwenzako wa kazini, amerudi kutoka huko juma lililopita. Alikuja dukani kununua mishumaa, akaiona rafu yangu ya vile vichupa vya kahawia vya kuongeza nguvu, akasema, "Dada Wandi, angekuwapo Poon hapa, rafu hii isingefika saa sita mchana." Nikadhani anatania. Nikamkalisha kwenye benchi, nikambana. Kumbe unakunywa vinne kabla ya saa sita, na viwili au vitatu baadaye. Na chakula cha mchana si wali, ni vile vitafunio vya mche vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, njugu na chokoleti, unatafuna ukiwa umesimama.

Poon, mimi ndiye ninayeviuza vitu hivi. Najua kilichomo ndani ya chupa: maji, sukari nyingi, rangi, na kitu kinachoudanganya mwili kwamba haujachoka. Wakata miwa wanakuja hapa, wanakunywa kimoja, wanajipiga kifua. Baada ya mwezi wanarudi wanataka viwili kwa kazi ileile, na macho yao yamekuwa ya njano. Kwa mteja nanyamaza, kwako sitanyamaza. Acha. Kunywa maji, kula wali wa kunata kama mtu aliyezaliwa kwenye nyumba yenye jiko.

Mama anasema umjibu haraka. Hajui nimekuandikia hili la chupa.

Dada yako,
Wandi


Singapore
27 Julai

Dada Wandi mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeshiba, kwa hiyo sikuruka hata mstari mmoja, hata ile ya matusi. Mimi ni mzima. Jengo limefika ghorofa ya kumi na tisa, na tukiwa juu tunaiona bahari pande mbili. Joto ni kali kuliko la kwetu kwa sababu hapa halina upepo, linakukalia tu. Mpe Mama salamu, mwambie magoti asiyafanyie ubishi, akae chini, wewe umtekee maji.

Prayun ana mdomo wa chura wakati wa mvua. Kweli ninakunywa, lakini nani hanywi? Msimamizi anashusha kreti nzima asubuhi, kila mtu anachukua, na ukikataa anakuangalia kama uliyekuja kulala. Ukifungua kimoja, mikono inapata uhai, vyuma vinakuwa vyepesi. Hivyo vitafunio navyo msimamizi anasema kipande kimoja ni sawa na sahani ya wali. Mimi nimekula vyote viwili, nakuambia msimamizi huyo hajawahi kula wali. Lakini ni vitamu, na ukishakunywa chupa njaa haiji, kwa hiyo kipande kimoja kinatosha.

Usihofu, Dada. Nina nguvu, nimenenepa shingo, ukiniona utanidhania polisi.

Kuna kitu kidogo nataka kukuuliza, kimenijia tu kichwani. Baba alikuwa na miaka mingapi alipofariki? Nakumbuka mlisema homa. Ilikuwa homa ya siku ngapi?

Mdogo wako,
Khampoon


Nong Yai
20 Agosti

Poon,

Hatujambo. Maji yamejaa shambani mpaka magotini na samaki wadogo wameingia, Mama anawatega kwa tenga na kuwavundika kwenye mtungi wako ule uliopasuka mdomo. Jirani wetu amepata mjukuu wa tatu wa kike, na safari hii hakulalamika.

Prayun amenyoa kichwa. Ameingia utawa kwa miezi hii ya mvua, ghafla tu, hata mama yake hakuwa ameshona chochote. Kila mtu anauliza kwa nini na yeye hasemi. Asubuhi alipopita na bakuli lake la sadaka nilimwekea wali, nikamuuliza polepole kuna nini huko Singapore. Aliutazama wali wangu muda mrefu, akaenda zake. Mtawa haruhusiwi kusema uongo. Basi naona amechagua kutosema kabisa, na hilo limenikosesha raha.

Kuhusu nguvu unazojisifia, nimefanya jaribio. Jumanne nilifungua kichupa kimoja, nikakinywa chote saa nne asubuhi. Mpaka saa saba nilikuwa nimepanga duka zima mara mbili, nimegombana na muuza barafu juu ya kitu ambacho hata sikikumbuki, na moyo ulikuwa unabisha hodi kwenye koo. Nikajilaza, macho yakakataa kufumba. Sikupata nguvu yoyote. Nilipata mikono inayotetemeka. Na hiyo ilikuwa chupa moja, mimi mwanamke niliyelala vizuri, sijabeba chuma. Wewe unakunywa saba juani.

Kuhusu Baba, ilikuwa homa. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Siku ngapi sikumbuki, nilikuwa na miaka tisa. Kwa nini unauliza mambo hayo?

Na Sawai mbona hata salamu hajanijibu? Mmegombana? Kama mmegombana mwombe radhi wewe, maana nakujua.

Wandi


Singapore
11 Septemba

Dada,

Natumaini Mama hajambo na samaki wameiva mtungini. Mimi nilisema ni mzima na bado natembea, kwa hiyo tuseme ni mzima.

Nimeianza barua hii mara nne. Sawai hakuweka mstari wake kwa sababu Sawai hayupo. Alifariki mwezi wa tano. Nilikuwa nalala kitanda cha chini, yeye cha juu. Jioni ile alikuwa anatusimulia jinsi alivyomkimbia bata mzinga wa mjomba wake, bweni zima likacheka. Asubuhi king'ora kilipolia niliamka nikaona mguu wake unaning'inia ubavuni mwa kitanda kama kawaida yake. Nikamvuta kidole gumba kumtania. Kilikuwa baridi, Dada. Nilikuwa bado nacheka nilipokigusa.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kuumwa hata kichwa. Walimchukua, wakarudisha majivu kwao kwenye chungu. Juma la pili mtu mwingine wa bweni la pili naye hakuamka. Alikuwa wa kwetu vilevile, wa mkoa wa Kalasin. Wazee wa hapa wote wanasema ni Mjane, yule mwanamke wa mizimu asiye na mume, ametufuata kutoka nyumbani, anachagua wanaume wenye nguvu akiwakuta usingizini. Nilimwapisha Prayun asiseme kwa sababu ya Mama. Sasa unajua kwa nini amenyoa kichwa.

Basi nikwambie ukweli. Sinywi ili nifanye kazi. Nakunywa ili nisilale. Kazi ningeiweza hata kwa wali na chumvi. Jua likizama naanza kuogopa, nafungua chupa, naketi nimeegemea ukuta. Nalala saa moja tu mchana wakati wa chakula, kwenye saruji, na namwomba mtu anitazame kifua. Wenzangu wengine wanafanya hivyohivyo. Tunatazamana kwa zamu.

Lakini siku hizi kifua kinanifanyia kitu. Moyo unapiga haraka mara mbili, halafu unanyamaza. Unanyamaza muda wa kutosha mimi kuanza kuusubiri. Kisha unarudi.

Dada, Baba alikufa kwa homa kweli? Niambie, mimi si mtoto tena. Mwezi wa kumi na mbili natimiza thelathini na sita.

Khampoon


Nong Yai
24 Septemba

Poon, Poon, mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi na wakala wa kazi anaondoka kesho alfajiri na watu sita wapya, kwa hiyo barua hii itakufikia kwa mkono wake baada ya siku chache. Sina muda wa salamu. Mama ni mzima. Sote ni wazima.

Haikuwa homa. Nisamehe. Mama alituambia tuseme homa, na mimi nimesema homa kwa miaka thelathini na mbili mpaka nikawa karibu kuamini. Baba alikula vizuri, akacheka na wewe ukiwa mgongoni mwake, akalala. Mama alisikia akikoroma mara moja tu, mkoromo mbaya kama mtu aliyekabwa, akamtikisa, hakuamka. Asubuhi nilimwona. Hakuwa na jeraha wala jasho. Babu naye, nduguye Baba naye, walikwenda hivyohivyo. Wanaume wa nyumba hii huchukuliwa usingizini. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kulitaja mbele yako. Tulidhani ukienda mbali, ng'ambo ya bahari, Mjane hatakuona.

Sasa nisikilize. Usilale. Sahau yote niliyokuandikia kuhusu chupa, nilikuwa naongea kama muuza duka mwenye shibe. Kunywa. Kunywa hata saba, hata nane. Nimempa wakala boksi la vichupa kumi na viwili kutoka rafu yangu mwenyewe. Nimevipeleka hekaluni kwanza, mtawa mkuu amevisomea, na kila kimoja nimekifunga uzi mweupe wa baraka shingoni. Usiufungue uzi, kata tu kifuniko. Kunywa hivi wakati wa kukesha, vya msimamizi vitumie mchana.

Ndani ya boksi kuna pia rangi ya kucha, nyekundu. Paka kucha zote za mikono, usione haya. Akija, aone mwanamke amelala, apite. Huku kwetu wanaume wote wa kijiji wameshaanza kupaka tangu habari za yule mtu wa Kalasin zifike juzi, hata mwalimu mkuu. Nimetundika shati jekundu mlangoni. Mama amechonga gogo lenye umbo la kiume, urefu wa mkono mzima, kichwa amekipaka nyekundu, amelitundika langoni ili Mjane akitaka mume akutane na hilo kwanza. Wateja wangu wanaingia dukani wakitazama chini. Mama hacheki wala haulizi nilipata wapi habari.

Nilitaka kukuletea kashata za ufuta na njugu, tumezipika kwa ajili ya sikukuu ya kuwalisha wafu. Nilikuwa nimeshazifunga. Mama alinipokonya mkononi akasema, "Chakula cha marehemu humpelekei mtu aliye hai." Nilimwachia zote.

Usilale mpaka nikuandikie tena.

Wandi


Nong Yai
29 Septemba

Poon,

Hii naiweka posta mwenyewe, nimekuja mjini kwa miguu nusu ya njia kwa sababu maji yamekata barabara. Isome kabla ya kufanya lolote. Kama umeshaipata ile ya tarehe ishirini na nne, ichane.

Jana nilimpeleka Mama zahanati kupimwa presha. Yuko pale nesi mmoja, Sumali, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu, amefanya kazi hapa miaka kumi na tano. Niliona kucha zake hazina rangi na za wagonjwa wote wa kiume zina rangi, nikashindwa kunyamaza. Mama alipokuwa bado chumba cha pili akipimwa, nikamweleza habari zako zote. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na hizo chupa ni nani alimwambia azinywe kwa wingi hivyo?" Nikasema ni wenzake wa kazini.

Alisema hajui kwa nini wanaume wa kwetu wanakufa usingizini, na kwamba hata madaktari wakubwa bado wanatafuta. Hakumcheka Mjane. Lakini alisema jambo moja analijua: moyo wa mtu asiyelala, anayebeba mizigo juani, asiyekula, ukiumiminia chupa hizo ni kama kumchapa nyati aliyekwisha kupiga magoti. Na huo moyo wako unaonyamaza na kurudi, aliandika kwenye karatasi, akapigia mstari mara mbili, akasema huyo mtu aonwe na daktari leo, si kesho. Nikamuuliza, basi alale? Akasema, "Alale. Kutolala ndiko kunamuua haraka zaidi."

Tulirudi polepole. Mama ndiye alinishika mkono, na magoti yake yale.

Nilitaka kukupigia simu ya maandishi, telegramu ya hapa posta. Nilisimama kwenye foleni kabisa. Lakini Poon, wewe unajua huku kwetu simu ya maandishi huja kwa kifo tu. Nikakuona unaiona ile karatasi mkononi mwa msimamizi, unajua ni Mama amekufa, na moyo wako huo huo. Nikatoka kwenye foleni. Nimenunua stempu ya haraka. Afisa wa posta ameniambia siku saba, labda kumi kwa sababu ya maji.

Acha chupa zote. Zile za uzi mweupe ndizo za kwanza, zitupe, baraka itajua njia ya kurudi. Nenda kwa daktari. Lala.

Wandi


Singapore
6 Oktoba

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama na kwa gogo la langoni. Wakala alifika na boksi lako juzi. Nililia kidogo, nakwambia ukweli, si kwa sababu ya Baba, ila kwa sababu mtu amenielewa. Kwa miezi mitano nilikuwa najiona mwendawazimu, na wewe kwa barua moja umeniambia nilikuwa sawa kuogopa.

Kuhusu Baba, nadhani nilijua. Namkumbuka mgongo wake tu.

Nimepaka kucha. Siku ya kwanza bweni lilipiga mbinja, mmoja akaniomba tuoane. Jioni yake mtu wa Udon akaja kimyakimya kuomba chupa ya rangi, nyuma yake wakasimama kumi na mmoja. Sasa msimamizi anatutazama mikono na hajui aseme nini. Mchina mmoja fundi bomba amepaka naye, anasema hataki kubahatisha.

Vya uzi mweupe ninavinywa kama ulivyosema, vitatu kila jioni, na vya msimamizi nimeongeza mchana. Sijafumba macho siku mbili kamili. Sijisikii usingizi kabisa, Dada, ni ajabu. Vyuma navyo naviona kama vinasogea pembeni mwa macho, lakini nikigeuka vimetulia. Wali sitaki tena, harufu yake inanichefua. Nakula vile vitafunio, nusu asubuhi nusu jioni, na kutafuna kwenyewe kunanichosha taya.

Moyo bado unanyamaza, siku hizi mara nyingi zaidi. Lakini nikiwa macho naweza kuusubiri, siyo? Nikiwa nimelala nani atausubiri?

Umesema nisilale mpaka uniandikie tena. Ninasubiri barua yako. Andika haraka.

Khampoon


Nong Yai
17 Oktoba

Poon,

Ya tarehe sita imefika sasa hivi. Nimepanda pikipiki ya muuza barafu, naandika hii kwenye kaunta ya posta. Nimekupigia simu ya maandishi. Maneno ni haya, kama haikukufikia: USINYWE LALA NENDA DAKTARI MAMA MZIMA. Nimelipia maneno mawili ya mwisho ili usiogope.

Ile barua ya tarehe ishirini na tisa imekufikia? Niambie kama imefika. Andika neno moja tu kwenye karatasi yoyote. Hata kama huwezi kuandika, mwambie mtu aandike, nitaujua mwandiko si wako na sitajali.

Ninaogopa sana, Poon.

Wandi


Singapore
30 Oktoba

Dada Wandi,

Shikamoo kwako na kwa Mama. Mwandiko ni wangu, ni mkono tu ndio umelegea, una mrija wa maji ya dawa umefungwa hapo.

Nilianguka tarehe kumi, saa tano asubuhi, ghorofa ya ishirini na moja. Nilikuwa nimesimama mbali na ukingo, hiyo ndiyo bahati niliyobaki nayo. Sikuona kitu. Walioniona wanasema nilikoroma mara moja nikiwa wima, macho wazi, kisha nikakunja magoti. Yule Mchina fundi bomba aliwahi kufundishwa kubonyeza vifua vya watu waliozama, akanikalia juu akabonyeza mpaka mbavu mbili zikavunjika. Nikarudi. Yangenipata nimelala kitandani, Dada, nani angenibonyeza?

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa ilifika bwenini tarehe kumi na mbili. Ile simu nayo ilifika. Wenzangu waliviweka chini ya godoro langu, wakanipelekea vyote pamoja juzi.

Daktari ni Mhindi mzee, na mfagiaji wa wodi ni wa kwetu, wa Surin, ndiye anayetutafsiria. Walinibandika nyaya kifuani, ikatoka karatasi ndefu yenye milima. Alinionyesha mlima mmoja akasema huu si wa kawaida, nimezaliwa nao, na huenda Baba alikuwa nao. Anasema hana dawa ya kuuondoa. Ana makatazo tu: nisikae bila kulala, nisiumwe homa bila kutibiwa, na vile vichupa nisivinuse tena maisha yangu yote. Nikamuuliza vile vya kutafuna. Akasema si sumu, ila ni peremende zilizovaa suti, mtu anayebeba chuma anahitaji chakula. Hapa wananipa uji wa wali na yai. Namaliza bakuli.

Nikamuuliza, je, nikifanya yote hayo nikalala, nitaamka? Mfagiaji alitafsiri mara mbili, maana jibu la kwanza hakulipenda. Daktari alisema, huenda. Siku nyingi utaamka.

Aliuliza pia ni nani alinishauri kunywa nyingi hivyo na kukesha, kwa kuwa anaandika ripoti. Nilimwambia hakuna mtu. Nilisema nilijiamulia mwenyewe. Zile nyuzi nyeupe wenzangu walizitupa kabla watu wa kampuni hawajaja kukagua. Basi usilitaje tena jambo hilo, kwa Mama wala kwa nesi wala kwangu. Limekwisha.

Kampuni inanirudisha nyumbani. Nitafika na treni tarehe kumi na tisa Novemba. Bado sijalala bila kuogopa hata mara moja, wananipa kidonge.

Mdogo wako,
Khampoon


Nong Yai
7 Novemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni katikati ya duka na mteja akiningoja. Hii sijui kama itakukuta huko. Kama imekupita njiani, utaisoma hapa nyumbani, nimeiandika ili iwepo.

Mpunga umeiva, tumeanza kuvuna. Prayun amevua joho la utawa, yuko shambani kwetu siku ya tatu sasa anakata bila kuitwa. Nimemwambia unakuja. Alikaa chini kwenye maji.

Rafu ile nimeiondoa. Wakata miwa wamenuna, wanasema watanunua kwa jirani, na najua watanunua. Nawaambia niliyoyaona, wengine wanacheka. Ninarudia tena kesho yake.

Pale uliposema ulimwambia daktari hakuna mtu, nimepasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Ulikuwa na mbavu zimevunjika na bado ukanificha. Nesi naye alipouliza, nilisema ni wenzako. Tumekuwa hodari wa jambo hili, Poon, nyumba nzima. Tulificha kifo cha Baba miaka thelathini na mbili, na kwa sababu tulikificha hukuwahi kwenda kwa daktari, na kwa sababu hukwenda nilikuandikia vile. Sitaki limalizike hivyo. Ni mimi niliyekuambia unywe, kwa mkono huu, na boksi nilikutumia mimi.

Jana asubuhi nilimwambia Mama. Nilimwambia yote, Sawai, boksi, tarehe. Nilingoja anipige, au alie. Alipanda ngazi na magoti yake, nikasikia anaburuta vitanda juu ya mbao. Nilipomfuata nilikuta ametandika cha kwako katikati, chake upande huu, changu upande ule, karibu kiasi kwamba mkono unafika.

Akasema, "Yeye atalala. Mimi na wewe tutapokezana."

Dada yako,
Wandi